Nyoka wa mahindi: dume kagoma kula, anazurura usiku kucha. Msimu wa kupandana ndio huu, tuelekezane

Mhamiaji wa Carolina (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila ikifika Machi napokea swali lile lile kutoka kwa Waswahili wenzangu wanaofuga nyoka wa mahindi huku Marekani na Uingereza: "Dume wangu alikuwa mlafi, sasa hagusi panya, anakwaruza kioo usiku kucha. Anaumwa?" Nimeona nishushe uzi mmoja, nikiulizwa tena niwe natuma kiungo tu. Mnaoogopa nyoka geuzeni, huu si uzi wenu. (Najua mtasoma tu.)

Kwa wageni: nyoka wa mahindi, kitaalamu Pantherophis guttatus, hana sumu. Huua panya kwa kumkaba. Kwao ni kusini mashariki mwa Marekani, kuanzia New Jersey kushuka hadi Florida, na hapa North Carolina ninapoishi wapo porini kabisa, wengine hukutwa kwenye maghala wakifuata panya. Mkubwa hufika mita moja hadi moja na nusu, na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. Ukimnunua leo mwanao akiwa chekechea, atamaliza chuo nyoka bado yupo.

Sasa twende kwenye dume. Porini, baridi ikiisha, dume anatoka shimoni na kazi moja tu, kutafuta jike. Mbegu zake nyingi zilishatengenezwa tangu kiangazi kilichopita, zimelala naye baridi yote zikisubiri. Kula si haraka, mwili wa nyoka unatumia chakula kidogo sana na anaweza kukaa wiki nyingi bila tonge. Tena aliyeshiba huwa mzito, anatafuta sehemu yenye joto alale asage chakula. Kwa hiyo anaahirisha kula, anatembea. Huyu wako wa kwenye tangi la kioo hana pa kwenda, ila damu yake haijui hilo.

Utakachokiona kati ya Machi na Juni hivi: anakataa chakula wiki kadhaa mfululizo. Anazunguka tangi, hata mchana, wakati kwa kawaida angekuwa chini ya maficho yake. Anasukuma kifuniko kwa pua mpaka pua inachubuka. Ulimi hautulii, maana harufu anainasa kwa ulimi na kuipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilichopo juu ya kaakaa, na hapo ndipo anaposoma kama kuna jike jirani. Ukitoka kumshika jike kisha ukamshika yeye bila kunawa, usishangae akianza kutambaa mkononi mwako kwa mishtuko mishtuko huku mkia ukitetemeka. Hajapata kifafa. Anakutongoza.

Jike ana hadithi nyingine. Baada ya baridi hula kwa pupa, kwa sababu mayai yanaanza kujengwa tumboni na yanahitaji akiba. Akishajivua gamba la kwanza la majira ya kuchipua ngozi yake hutoa harufu inayowachanganya madume, na hapo ndipo wafugaji huwakutanisha. Akibeba mayai theluthi ya mwisho ya mwili inavimba, anahamia upande wenye joto, wengine hulala wamegeuza tumbo juu. Kisha naye anaacha kula. Atajivua gamba tena wiki moja au mbili kabla ya kutaga, halafu anaanza kuchimba na kuhangaika akitafuta pa kutagia penye unyevu.

La kufanya na dume: acha kumbembeleza na panya kila siku. Mpe mmoja mdogo mara moja kwa wiki mbili, akikataa ondoa. Usimlazimishe kula kwa kumfungua mdomo, utamjeruhi na atatapika. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike. Wangu alianza msimu na gramu 480, sasa yuko 455, na hilo halininyimi usingizi. Funga kifuniko kwa kibano, huu ndio msimu wa nyoka kukutwa nyuma ya friji.

Naomba kuwasilisha.

---

Kiroboto Mstaafu

Mimi nilipoona "kujivua gamba" nikajua uzi wa ile kampeni ya chama cha CCM umerudi, nikavuta kiti. Kumbe ni nyoka kweli.

---

Bwana Mifugo wa Singida

Mleta uzi, mimi nafuga mbuzi, na haya unayosema nayaona kila mwaka kwa beberu. Msimu wake ukifika hali, anakonda, ananuka, anapiga kelele usiku kucha. Dawa yake tunaijua. Sasa nyie mna hela ya kununulia panya, mnashindwaje kumtafutia huyo kiumbe mke? Huu ni ukatili.

---

Mhamiaji wa Carolina

Mkuu, kila mwaka lazima mtu aje na hili, asante kwa kuwahi.

Beberu akipanda unapata mbuzi wawili, unauza, unakula. Jike wa nyoka wa mahindi hutaga kati ya mayai 10 na 30 kwa mkupuo mmoja. Yakae kwenye joto la nyuzi 27 hadi 29, yasigeuzwe, na baada ya miezi miwili hivi yanatoka manyoka membamba kama penseli, kila moja linataka boksi lake, maji yake, na kitoto cha panya kisicho na manyoya. Wengine wanakataa chakula cha kwanza na inabidi uwachezee akili. Soko lenyewe limejaa, maana karibu kila mfugaji anayeanza anaanza na nyoka huyu huyu. Hao ishirini nawapeleka wapi?

Halafu jike si mali ya kumtuliza dume. Wafugaji makini hawampandishi kabla ya miaka mitatu na gramu 300, akiwa mdogo zaidi mayai yanaweza kumkwama na kumuua. Dume hafi kwa kukosa jike. Juni ikifika atakula panya utadhani hakuna kilichotokea.

---

Bi Mwanaidi Leicester

Assalaam alaykum. Mimi niko Uingereza, nyoka ni wa mwanangu ila kazi zote nafanya mimi, mnajua wenyewe. Tuliuziwa dukani kama dume, mwanangu akamwita Juma. Ana miaka minne. Mwezi uliopita aliacha kula nikasoma mahali kuwa madume hufanya hivyo, nikatulia. Ila huyu wangu haendi kwenye kioo. Anachimba. Maranda yote amerundika kona moja, anaingia chini, anatoka, anachimba upande mwingine. Na amenenepa badala ya kukonda! Wiki hii kajivua gamba. Je, hii nayo ni ile ile ya msimu?

---

Mhamiaji wa Carolina

Waalaykum salaam Bi Mwanaidi. Naomba majibu ya mambo matatu. Unene uko wapi, mwili mzima au sehemu ya nyuma, kabla ya mkia? Mkia wenyewe, kuanzia tundu la haja kwenda nyuma, ni mrefu na mnene kisha unapungua taratibu, au unachongoka ghafla? Na amewahi kukaa na nyoka mwingine?

---

Bi Mwanaidi Leicester

Ni nyuma, kama amemeza soksi. Mkia unachongoka ghafla. Hajawahi kukaa na mwingine, tangu tumnunue akiwa mdogo yuko peke yake.

---

Mhamiaji wa Carolina

Basi Juma ni bibie, na anakaribia kutaga.

Usishtuke. Jike anaweza kutengeneza mayai bila dume, kama kuku wa mayai ya dukani. Yatakuwa matupu. Jinsia ya nyoka hawa wakiwa wadogo ni ngumu kujua kwa macho, wataalamu huingiza kijiti maalumu chembamba nyuma ya tundu la haja kupima kina, na maduka mengi hayahangaiki, wanakisia tu.

Leo hii mtengenezee boksi la kutagia. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, kubwa kiasi cha yeye kujikunja ndani akiwa huru, toboa tundu ubavuni, jaza kuvumwani (moss, mmea laini unaoshika maji) iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoshe maji. Weka upande wenye joto la wastani. Akikosa pa kutagia penye unyevu anaweza kuyazuia mayai, na hapo ndipo hatari inapoanza. Maji ya kunywa yawepo muda wote, ila bakuli lisiwe kubwa sana, wengine hutagia humo humo.

---

Daktari wa Punda

Nimesoma kimya kimya, sasa niingie. Mimi ni daktari wa mifugo, niko Minnesota. Nakubaliana na mengi ya mleta uzi ila kuna kitu kinanikera kwenye makundi ya wafugaji. Kila nyoka asiyekula kati ya Machi na Juni anaambiwa "ni homoni". Nimeletewa nyoka wenye nimonia waliosubirishwa mwezi mzima kwa jibu hilo.

Dume mwenye homoni anakuwa mchangamfu kupita kiasi. Macho maangavu, ulimi unacheza, mwili una nguvu, ukimshika anakubana. Anayeumwa yuko tofauti: analegea, anapumua mdomo wazi, anatoa sauti ya kukoroma au mlio wa filimbi, ana ute puani au mdomoni, anainua kichwa juu ili apate hewa. Anatapika alichokula. Gamba linatoka vipande vipande. Unaona vidudu vyeusi vidogo vikitembea karibu na macho au vimezama kwenye bakuli la maji, hao ni utitiri. Hayo hayana msimu.

Na uzito. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito aliokuwa nao alipoacha kula, mlete, hata kama anaruka sarakasi. Na kama ni mdogo wa mwaka mmoja asiyekula, usiniambie habari za msimu wa kupandana, huyo hajafika huko. Angalia joto la tangi lako kwanza. Nusu ya kesi hizo ni thamostati (kidhibiti joto) iliyokufa.

---

Mhamiaji wa Carolina

Dokta, hilo la watoto nilitakiwa niliweke juu kabisa. Nakubali asilimia mia. Ila asilimia 10 kwa dume mnono aliyelishwa panya wakubwa mwaka mzima mimi naiona ni kali mno. Wengi wa nyoka hawa wa kufugwa wamenenepa kupita kiasi, msimu huu ndio mfungo wao pekee.

---

Daktari wa Punda

Mnono ndiye anayenitisha zaidi. Nyoka mwenye mafuta mengi ini lake halina afya. Mlete tu, nikimkuta mzima utanicheka.

---

Kijana wa Watamu

Niaje wanajamvi. Huku kwetu pwani ya Kenya tuna Bio-Ken, shamba la nyoka alilolianzisha James Ashe, wanafanya kazi ya sumu na dawa ya kuumwa na nyoka. Nimekulia jirani, kwa hiyo nyoka mie siwakimbii.

Nataka kuongeza hapo kwa madume. Watu huku wakiona koboko wawili wamesimama wamejisokota pamoja, mmoja anampandisha mwenzake na kumwangusha, wanasema wanapandana. Mara nyingi si hivyo. Ni madume wawili wanapigania jike, hawaumani, ni kusukumana tu mpaka mmoja akubali kulala chini aondoke. Nasikia na hawa wa mahindi jamaa zao wanafanya hivyo?

---

Mhamiaji wa Carolina

Ndiyo, kwenye ukoo wao wa nyoka wanaokula panya madume hukandamizana hivyo hivyo, mmoja akitaka kuwa juu. Ndiyo maana madume wawili hawakai tangi moja msimu huu. Mimi naona hata msimu mwingine wasikae, hawa ni viumbe wa upweke.

Kuhusu kupandana kwenyewe ni jambo la utulivu kuliko watu wanavyodhani. Dume anamfuata jike, anamlalia mgongoni, anapitisha mawimbi mwilini, kisha anatafuta mkia wake kwa mkia. Inaweza kwisha chini ya nusu saa, kila mtu anakwenda zake. Mama akishataga baada ya mwezi hivi naye anaondoka, hayaatamii mayai wala hatowajua wanawe.

---

Kijana wa Watamu

Kifutu wetu yeye hatagi kabisa, anazaa watoto hai. Kuna jike wa asili ya Kenya alikuwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové huko Czech, alizaa watoto 156 kwa mara moja. Bwana Mifugo, hao nao utawatafutia wachumba?

---

Bwana Mifugo wa Singida

Nimeacha. Mambo ya nyoka nawaachia wenyewe.

---

Zuhura Kigamboni

Swali la kweli jamani, si utani. Mleta uzi anasema baridi ikiisha ndiyo msimu unaanza. Sasa mtu akiwa na nyoka huyo hapa Dar, ambako baridi yetu ya Julai ni kuvaa khanga mbili, atajuaje msimu umefika? Na je, naweza kuletewa mmoja na ndugu yangu akija likizo?

---

Mhamiaji wa Carolina

La kwanza ni swali zuri. Wafugaji wanaotaka mayai kwa uhakika huwapumzisha nyoka wao kwa baridi, miezi miwili au mitatu kwenye nyuzi 10 hadi 15, wakiwa wameacha kuwalisha wiki mbili au tatu kabla ili tumbo liwe tupu, maana chakula kisichosagika kwenye baridi huoza tumboni. Ila nyoka wa mahindi si lazima. Wengi wanataga bila baridi yoyote. Wangu mimi hukaa joto lile lile mwaka mzima na bado Machi ikifika anaanza vituko vyake. Mwanga wa dirishani unaorefuka na usiku unaobadilika kidogo vinatosha kumwambia. Dar urefu wa mchana na usiku haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo nahisi nyoka wa huko angekuwa na msimu uliochanganyikiwa.

La pili, hapana. Usimtie mtu nyoka kwenye begi. Tanzania anzia TAWA, mamlaka ya wanyamapori, uulize kibali, Kenya wenzao ni KWS. Na sababu si urasimu tu: nyoka huyu amekwisha kujipenyeza Grand Cayman na Visiwa vya Virgin vya Marekani, mahali ambapo hakuwa mwenyeji, na sasa anazaliana porini huko. Hawaii wamekataza nyoka wote. Mnyama anayekula panya, ndege na mijusi, anayetaga mayai ishirini, asiyejali kama kuna baridi au hakuna, akitoroka Kigamboni anakuwa tatizo la wajukuu zetu.

---

Kiroboto Mstaafu

Lakini panya si atamaliza? Buguruni tunamhitaji.

---

Zuhura Kigamboni

Kiroboto, Buguruni nyoka huyo atadumu dakika tano kabla ya mawe. Asante mleta uzi, nimeelewa.

---

Bi Mwanaidi Leicester

Nimerudi! Juma kataga. Mayai 14, ndani ya lile boksi. Mengi ni madogo, ya njano, magumu kama nta. Mawili tu ndiyo meupe kidogo lakini nayo yameshaanza kubonyea. Alianza usiku, asubuhi akawa amemaliza. Sasa amekonda, ngozi imelegea ubavuni, uti wa mgongo unaonekana. Mwanangu analia anataka tuyaangue mayai. Nifanyeje?

---

Mhamiaji wa Carolina

Hongera kwa Juma, mpeni jina jipya. Ya njano na magumu ni matupu, hayana kitu. Yenye mbegu huwa meupe, laini kama ngozi, tena hushikana. Kwa jike anayekaa na dume au aliyewahi kukaa naye ningekuambia usubiri, kwa sababu hutunza mbegu mwilini muda mrefu. Huyu wako amekua peke yake. Toa yote, na nawa mikono kwa sabuni baada ya hapo, nyoka hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha.

Usimpe panya mkubwa kwa furaha. Anza na mdogo, nusu ya saizi aliyozoea, kisha baada ya siku chache mwingine. Akila viwili vitatu bila kutapika ndipo urudi saizi yake.

---

Daktari wa Punda

Mpapase taratibu kuanzia katikati ya mwili kurudi nyuma, kwa vidole viwili, bila kubonyeza. Ukihisi uvimbe mgumu uliobaki, au akiendelea kujikaza bila kutoa kitu, ikapita siku moja hadi mbili, mpeleke kwa daktari anayejua reptilia, si yule wa paka na mbwa tu. Yai lililokwama halijitoi lenyewe kwa kusubiri.

---

Bi Mwanaidi Leicester

Nimempapasa, laini kote. Kipanya kidogo amekivamia hata sijakiachia vizuri. Boksi la kutagia niliondoe?

---

Daktari wa Punda

Liache. Akila vizuri anaweza kutaga tena baada ya wiki kadhaa, hata bila dume. Badilisha tu kuvumwani, hiyo ya sasa itaota ukungu.

---

Mhamiaji wa Carolina

Na punguza chakula kidogo akishanenepa, ili asipate nguvu ya kutengeneza mkupuo wa pili. Wengine msubiri Juni, dume akikataa hata hapo rudini hapa na uzito mlioandika, si na neno "amekonda".